Kikosi Bora cha Kriketi ya Siku Moja Afrika Mashariki, na Uwanda wa Kati Uliopitwa na Mchezo

Kriketi ya kimataifa ya siku moja ilizaliwa Melbourne tarehe 5 Januari 1971, baada ya mvua kuharibu mechi ya siku tano kati ya Australia na Uingereza. Ili watazamaji wasirudi nyumbani bila kuona lolote, timu hizo zilikubaliana kucheza mechi moja itakayokwisha kabla ya jua kuzama. Miaka 4 baadaye mtindo huo ulikuwa na Kombe lake la Dunia, na Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa timu 8 za kwanza kushiriki.

Kanuni yake si ngumu. Kila timu ya watu 11 hupata zamu moja ya kupiga na zamu moja ya kurusha. Mipira sita inayorushwa na mtu mmoja kutoka ncha moja ya uwanja huitwa ova, na idadi ya ova ina kikomo: zilikuwa 60 katika Kombe la Dunia la 1975, na tangu 1987 ni 50. Wapigaji husimama wawili wawili, na kila wanapokimbia na kubadilishana ncha hujipatia mkimbio mmoja. Mpira uliopigwa na kuvuka mpaka wa uwanja huleta minne, au sita ukivuka bila kugusa chini. Mpigaji akishindwa kuilinda miti mitatu iliyo nyuma yake, au mpira alioupiga ukidakwa hewani, ametolewa, na hiyo huhesabiwa wiketi. Wiketi kumi zikianguka zamu imekwisha, hata kama ova zimebaki.

Wapenzi wa mchezo huu duniani hubishana sana kuhusu timu bora ya siku moja ya nyakati zote, lakini mabishano yao huishia kwenye timu mbili. Ya kwanza ni West Indies ya Clive Lloyd, iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1975 na 1979. Ya pili ni Australia ya Steve Waugh na Ricky Ponting, iliyolitwaa mwaka 1999, 2003 na 2007, ikacheza mechi 34 za Kombe la Dunia bila kufungwa kati ya 1999 na 2011. Zote mbili zilishinda zaidi ya mara moja, dhidi ya wapinzani waliokuwa wamejiandaa. Kipimo hichohicho kinaweza kutumika hapa nyumbani. Swali la kikosi bora cha Afrika Mashariki halitoshi kujibiwa kwa ushindi wa mchana mmoja. Linahitaji kutazama ni wachezaji gani walirudia ushindi wao, na ni mazingira gani yaliwalea.

Mazingira ndiyo yanayoeleza kwa nini orodha ya wachezaji hao imejaa watu wa Nairobi, ina wachache wa Kampala na Dar es Salaam, na haina wa Dodoma, Singida wala Tabora.

Kenya na Uganda zilikuwa chini ya Waingereza tangu mwishoni mwa karne ya 19. Nairobi ilikuwa na mechi kubwa ya kila mwaka kati ya maofisa wa serikali na walowezi kuanzia mwaka 1910. Wakati huo Tanganyika ilikuwa ya Wajerumani, na Wajerumani hawakuwa na kriketi. Walichokuwa nacho ni reli. Njia yao ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliingia Dodoma Julai 1916, na miaka iliyofuata Ugogo, eneo linalozunguka Dodoma, ulipigwa na Mtunya, njaa iliyosababishwa na ukame pamoja na vita vilivyonyakua ng'ombe, nafaka na nguvukazi. Kwa hiyo utawala uliokuja na kriketi uliikuta nchi iliyochoka, tena karibu miaka 20 baada ya majirani kuanza.

Mji wa Dodoma wenyewe uligawanywa kama miji mingine ya kikoloni, na majina ya mitaa yanakumbuka mgawanyo huo hadi leo: Uzunguni, Uhindini, Majengo. Wafanyabiashara wa Kihindi walifuata reli, wakafungua maduka ya nguo, chumvi, mafuta na vyuma, wakajenga shule na nyumba za ibada. Eneo la Jamatini lilipata jina lake kwa jamatkhana ya Waismailia, na Masingasinga nao walijenga hekalu lao. Katika Tanganyika nzima kriketi ilikuwa mchezo wa Uzunguni na Uhindini, ukichezwa ndani ya vilabu vya jumuiya, na uanachama wa klabu ulifuata rangi na dini. Majengo, mtaa wa Waafrika, ilicheza mpira wa miguu. Dar es Salaam jumuiya hizo zilikuwa na watu wa kutosha kuunda ligi, ilhali mji wa stesheni wenye maduka kadhaa haukuwa na watu hao.

Hali ya hewa haikuwa kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni haba na huja kati ya Desemba na Aprili, na majani ya kijani hayadumu. Lakini kriketi ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi haikutegemea majani. Viwanja vingi vilitumia mkeka wa nyuzi za nazi, uliotandazwa juu ya udongo ulioshindiliwa au saruji na kufungwa kwa misumari pembeni. Juu ya mkeka mpira hudunda juu na kwa namna inayotabirika, na siku ya mechi ikipita mkeka hukunjwa na kuwekwa stoo. Ardhi ngumu ya uwanda wa kati ingefaa kabisa. Kilichokosekana ni watu wa kufundisha, na vifaa: gongo la mti wa willow, mpira wa ngozi wenye kiini cha koki, pedi za miguu na glavu, vyote vya kuagizwa ng'ambo.

Walimu wangeweza kupatikana, na hapa historia ya Dodoma ina jambo la kushangaza. Tangu mwaka 1927 Dayosisi ya Kianglikana ya Tanganyika ya Kati ililelewa na wamisionari wa Australia, nchi ambayo kriketi ni kama dini ya pili. Askofu wa kwanza, George Chambers, alitoka huko. Alfred Stanway, aliyeiongoza kuanzia 1951 hadi 1971, naye alitoka huko. Daktari Paul White, aliyefanya kazi Mvumi, karibu na Dodoma, mwishoni mwa miaka ya 1930 na baadaye kuandika vitabu vya watoto vilivyosomwa duniani kote, alikuwa Mwaustralia pia. Watu hawa walijenga hospitali, shule za wasichana, na kushiriki katika Shule ya Sekondari Alliance ya Dodoma, ambayo baadaye iliitwa Mazengo na majengo yake sasa ni ya Chuo Kikuu cha St. John's. Waliacha Ugogo wauguzi, walimu na makasisi. Kriketi hawakuiacha. Uganda mambo yalikuwa tofauti: shule za bweni kama King's College Budo na Busoga College Mwiri ziliifanya kriketi kuwa sehemu ya malezi ya mvulana Mwafrika, na ndiyo maana Waafrika wa Uganda walikuwa wakiicheza kwa ufundi miongo kadhaa kabla ya wenzao wa Tanganyika. Shule ya Tabora, iliyoanzishwa miaka ya 1920 kwa watoto wa watemi na ambako Julius Nyerere aliingia mwaka 1937, nayo iliiga shule za bweni za Uingereza kwa viranja na mabweni yake, lakini haikuzaa ukoo wa wanakriketi.

Nafasi ya mwisho ya enzi ya ukoloni ilikuwa Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi mkubwa wa karanga. Wazungu walimiminika, reli ndogo ikachepushwa kutoka stesheni ya Msagali, matrekta yakaletwa. Ardhi ilikuwa ngumu kuliko ilivyokadiriwa, mvua ikakosekana, na mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kutafuna takriban pauni milioni 36. Majengo ya mradi yalitumika kwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, yenye maisha yote ya shule ya Kiingereza, hadi ilipofungwa mwaka 1958 na nafasi yake kuchukuliwa na shule mpya Iringa. Mtoto wa Kigogo hakuruhusiwa kusoma pale. Shule ilipohama, michezo yake ilihama nayo.

Kwa upande wa utawala wa mchezo, Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na chama cha pamoja, na Zambia ikajiunga baadaye. Mwaka 1966 chama hicho kilipata uanachama shiriki katika baraza la kriketi la dunia. Timu nzuri za kigeni zilikuwa zimeshapita: mwaka 1958 kikosi cha wachezaji wasio Wazungu wa Afrika Kusini kikiongozwa na Basil D'Oliveira, na msimu wa 1963 na 1964 klabu ya MCC ya Uingereza, iliyocheza hadi Dar es Salaam.

D'Oliveira anastahili kutajwa zaidi kidogo. Alihamia Uingereza kwa sababu ubaguzi ulimnyima nafasi kwao, na mwaka 1968 serikali ya makaburu ilipokataa kumpokea akiwa mchezaji wa Uingereza, ziara ilivunjika. Kuanzia hapo Afrika Kusini ilisukumwa nje ya kriketi ya dunia, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliosukuma kwa nguvu zaidi. Kongwa ileile ya karanga ilikuwa imegeuka kambi ya wapigania uhuru tangu katikati ya miaka ya 1960, ikiwapokea wa Msumbiji, Namibia, Angola na wa ANC ya Afrika Kusini. Baadhi ya vijana wa ANC walitoka sehemu za mashariki za mkoa wa Rasi, ambako shule za misheni zilikuwa zimewafundisha Waafrika kriketi tangu karne ya 19. Kwa njia hiyo uwanda wa kati ulihifadhi watu waliofungiwa nje ya mchezo huo na nchi yao wenyewe, na Kombe la Dunia la 1975 lilichezwa bila Afrika Kusini. Nafasi mbili za ziada zilipewa Sri Lanka na Afrika Mashariki.

Kikosi kilichokwenda Uingereza mwaka 1975 hakikuwa kile ambacho eneo hili lingeweza kuunda miaka 8 kabla. Azimio la Arusha la 1967, na hasa sheria ya 1971 iliyotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ilizifanya familia nyingi za Kiasia Tanzania kufunga virago kwenda Uingereza na Kanada. Maduka ya miji ya reli yaliachwa au yakabadili wenyewe. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Vilabu vilipoteza wapigaji, warushaji, wafadhili na waamuzi kwa mpigo mmoja. Waliobaki waliongozwa na Harilal Shah wa Kenya. Tanzania ilitoa wawili, mlinda wiketi Praful Mehta na Shiraz Sumar. Uganda ilitoa Samuel Walusimbi na John Nagenda, aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya, mwandishi wa makala magazetini na mshauri wa Rais Museveni.

Walicheza mechi tatu na kupoteza zote. Tarehe 7 Juni huko Birmingham, Glenn Turner wa New Zealand alipiga kuanzia ova ya kwanza hadi ya 60, akamaliza na mikimbio 171 bila kutolewa. Timu yake ilifika 309, Afrika Mashariki ikajibu kwa 128, Frasat Ali akiwa na 45. Siku 4 baadaye Leeds walitolewa wote kwa 120, na India ikazifuta bila kupoteza hata wiketi moja. Katika mechi hiyo Bishan Bedi alirusha ova 12, nane kati yake bila kuruhusu mkimbio wowote, akatoa mikimbio 6 tu kwa jumla. Jawahir Shah alipata 37 mbele ya warushaji hao, na kwa haki kabisa hiyo ni moja ya kazi nzuri kuliko zote za mashindano yale kwa timu isiyo na mechi kubwa nyuma yake. Tarehe 14 Juni Uingereza ilipata 290 na kuwatoa kwa 94, John Snow akichukua wiketi 4 kwa mikimbio 11.

Kuwapima kwa namba hizo peke yake ni kuwaonea. Walikuwa watu wa kazi zao, waliochukua likizo. Wengi walizoea mkeka wa nyumbani, kisha wakatakiwa kukabili mpira unaopinda hewani na kuchupa pembeni juu ya majani yenye unyevu wa Kiingereza, bila mwaka hata mmoja wa kuzoea. Hata hivyo kikosi kisichoshinda mechi hakiwezi kuitwa bora. Kinachoweza kufanywa ni kumchagua mmoja au wawili kutoka humo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilijitoa na kucheza peke yake. Tanzania, Uganda na Zambia ziliendelea pamoja, baadaye zikiwa na Malawi chini ya jina la Afrika Mashariki na Kati, hadi Uganda ilipojitenga mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001. Kujitoa kwa Kenya ndiko kulikofungua ukurasa mpya, kwa sababu Nairobi kulikuwa kumetokea jambo ambalo halikutokea Dodoma. Vilabu vya Kiasia vya Nairobi, kama Aga Khan na Swamibapa, vilianza kuwapokea vijana wa Kiafrika waliokulia karibu na viwanja, waliookota mipira na kujifunza kwa kutazama. Wakaja kwa familia. Tom, David na Steve Tikolo. Edward na Maurice Odumbe. Martin na Tony Suji. Kisha Kennedy Otieno na wadogo zake David na Collins Obuya. Ndugu mmoja akishaingia, gongo na pedi vilikuwa vimeshafika nyumbani.

Mwaka 1994 Nairobi iliandaa mashindano ya kufuzu, Kenya ikafika fainali, na hivyo ikapata tiketi ya Kombe la Dunia la 1996 nchini India, Pakistan na Sri Lanka. Mechi ya kwanza, dhidi ya India, ilipotea, lakini Steve Tikolo alipiga 65. Halafu ikaja tarehe 29 Februari, mjini Pune.

West Indies ya siku hiyo ilikuwa na Brian Lara, Courtney Walsh, Curtly Ambrose na nahodha Richie Richardson. Kenya ilipiga kwanza ikatolewa kwa 166. Tikolo aliongoza kwa 29, na mikimbio 37 ilikuwa zawadi ya makosa ya West Indies wenyewe. Idadi hiyo ilionekana haitoshi hata kidogo. Kisha mrushaji Rajab Ali akamtoa Richardson kwa kumwangushia miti. Muda mfupi baadaye Lara, akiwa na 8, aliukwaruza mpira wa Rajab Ali kwa ukingo wa gongo; mlinda wiketi Tariq Iqbal, aliyekuwa na siku ngumu, akaudaka. Ukiangalia kumbukumbu za mechi ile, hapo ndipo Wakenya walipoanza kuamini. Maurice Odumbe, nahodha, alishika mpira mwenyewe na kurusha ova 10 za mzunguko wa polepole zilizotoa mikimbio 15 na wiketi 3. Wapigaji wawili tu wa West Indies walivuka 10. Wote wakatolewa kwa 93, Kenya ikashinda kwa mikimbio 73, na Richardson akaacha unahodha baada ya mashindano. Wachezaji wa Kenya hawakuwa wakilipwa kwa kazi hiyo.

Ushindi huo ungebaki bahati kama usingefuatiwa na mengine. Siku 6 baadaye Sri Lanka, mabingwa watarajiwa, waliandika rekodi ya dunia ya 398 mjini Kandy, na Tikolo akajibu kwa 96. Mwaka 1997, katika fainali ya kufuzu nchini Malaysia, alipiga 147 dhidi ya Bangladesh na bado Kenya ikapoteza mpira wa mwisho. Oktoba mwaka huo, Nairobi, Kennedy Otieno na Dipak Chudasama walifungua kwa ushirikiano wa 225 dhidi ya Bangladesh hiyohiyo, rekodi ya dunia ya wafunguzi kwa wakati ule. Mei 1998, mjini Gwalior, Kenya iliifunga India nyumbani kwake kwa mikimbio 69, Odumbe akipata 83 na Ravindu Shah 70. India ilifungwa tena Oktoba 2001, Port Elizabeth, kwa mikimbio 70.

Kombe la Dunia la 2003 ndilo linaloamua hoja. Liliandaliwa na Afrika Kusini iliyokuwa huru, pamoja na Zimbabwe na Kenya. Tikolo alikuwa nahodha, Sandeep Patil wa India kocha. Mwanzo ulikuwa mbaya: Afrika Kusini iliwafunga kwa wiketi 10. Wakaifunga Kanada. New Zealand ikakataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama baada ya shambulio la bomu kwenye hoteli ya Kikambala, pwani ya Kenya, la Novemba 2002, na pointi zikaenda kwa Kenya. Tarehe 24 Februari, kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana, Sri Lanka walikuja. Kenya ilipata 210 kwa wiketi 9, Otieno akiwa na 60. Collins Obuya, kijana wa miaka 21 anayerusha mipira ya kupinda kwa kifundo cha mkono, alirusha ova zake 10 mfululizo wa mitego: mikimbio 24, wiketi 5, Aravinda de Silva na Mahela Jayawardene wakiwamo. Sri Lanka wakaisha kwa 157, na wachezaji wakauzunguka uwanja mbele ya watu wao.

Bangladesh ikafungwa Johannesburg, Odumbe akipata 52 bila kutolewa na wiketi 4. Zimbabwe ikafungwa Bloemfontein kwa wiketi 7. Dhidi ya Australia mjini Durban, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa na umri wa miaka 39 na aliyerudishwa kutoka kustaafu, alirusha mipira 50 iliyotoa mikimbio 7 tu na wiketi 3, Ponting akiwa wa kwanza. Australia ilishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi ilikwenda kwa Karim. Tarehe 20 Machi, nusu fainali, India ilipata 270 na Kenya 179. Tikolo alipiga 56. Hakuna timu nyingine isiyo na hadhi ya mechi za siku tano iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Wapo wanaosema Kenya ilibebwa na kutokuja kwa New Zealand. Pointi zile zilisaidia kweli, kwani zilihesabiwa hadi hatua ya pili. Lakini Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe zilifungwa uwanjani, na Australia isiyofungika ilitetemeshwa. Ukilinganisha kikosi cha 1996 na cha 2003, cha 1996 kina mchana mmoja mkubwa. Cha 2003 kina mwezi mzima. Kikosi bora cha siku moja cha Afrika Mashariki ni cha 2003.

Kuchagua wachezaji 11 wa nyakati zote ni kazi nyingine. Wafunguzi wawe Kennedy Otieno, atakayelinda pia wiketi, na Ravindu Shah, aliyekuwa na mikono laini kuliko wote. Wa tatu na nahodha ni Steve Tikolo, bila mjadala: zaidi ya mikimbio 3,300 ya kimataifa ya siku moja akiichezea Kenya, na wiketi nyingi juu yake. Wa nne Maurice Odumbe. Mwaka 2004 alifungiwa miaka 5 kwa kupokea fedha kutoka kwa mtu wa kamari, na kwa hilo hawezi kupewa unahodha. Lakini Pune, Gwalior na Johannesburg haziwezi kufutwa. Wa tano Jawahir Shah, kwa niaba ya 1975 na kwa ufundi wake mwenyewe. Wa sita Hitesh Modi, mpigaji wa mkono wa kushoto aliyekuwa mtulivu wakati wa shida. Mwaka 2006, dhidi ya Bangladesh, alitolewa kwa uamuzi wa baba yake mzazi, mwamuzi Subhash Modi, na huo ni ushahidi wa uadilifu uliokuwapo. Thomas Odoyo anafuata: mchezaji wa kwanza wa nchi zisizo na hadhi ya siku tano kufikisha mikimbio 1,500 na wiketi 100. Collins Obuya anaingia kwa urushaji wa 2003, na kwa kuwa mwaka 2011 alipiga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Martin Suji, Aasif Karim na Rajab Ali wanakamilisha. Praful Mehta wa Tanzania ndiye mlinda wiketi wa akiba.

Baada ya 2003 Kenya haikupewa mechi za kutosha na mataifa makubwa, chama chake kikagubikwa na migogoro, wachezaji wakagoma kwa malipo, na mwaka 2005 uongozi mpya ukaundwa. Kombe la Dunia la 2011 walipoteza mechi zote 6, moja yao wakitolewa kwa 69. Tarehe 30 Januari 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kimataifa ya siku moja, na tangu hapo hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyo nayo. Uganda ilifika Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024, ikaifunga Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova 4 kwa mikimbio 4 tu.

Tanzania imekuwa ikipanda taratibu. Oktoba 2008 Dar es Salaam iliandaa ligi ya daraja la nne la dunia, ikiwa na Tanzania, Italia, Fiji, Jersey, Hong Kong na Afghanistan. Afghanistan ilishinda, na miaka 7 baadaye ilikuwa Kombe la Dunia. Mwaka 2019, mjini Kigali, Fatuma Kibasu alipiga zaidi ya mikimbio 100 katika mechi ya ova 20 dhidi ya Mali. Mwaka 2025 vijana wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri wao. Timu ya wakubwa imeingia katika ligi ya Challenge, ambayo ni ya ova 50 na ndiyo ngazi ya kuelekea hadhi ya kimataifa ya siku moja. Ilianza kuicheza nchini Uganda Novemba 2024, ikiwa kundi moja na wenyeji, Italia, Hong Kong, Bahrain na Singapore. Viwanja vinavyotumika kwa mechi za kimataifa viko Dar es Salaam. Dodoma, iliyoamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kuhamiwa na serikali kuanzia 2016, sasa ina vyuo vikuu viwili na maelfu ya wanafunzi kutoka kila mkoa, na ardhi yake bado ni ile ngumu inayokubali mkeka.